Mlingoti wa Redio kwa Benta

Hapana, Maroa hakuwa mchawi. Nani kawaambia? Alikuwa fundi wa redio, mtoto wa kambi ya mgodi kule Migori, aliyelelewa chini ya mabati; na mabati, wajukuu zangu, hayana osuri. Angejuaje?

Osuri ni kile kijiti kilichochongoka, kinachosimama kwenye kilele cha paa la nyasi. Kikiwa kimesimama, mwenye nyumba yuko hai, hata awe mbali vipi. Akifa, kinang'olewa. Cha Elkanah kilikuwa kimesimama miaka sita pale Lambwe, tangu alipovuka kwenda Tanganyika kutafuta dhahabu, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Ilikuja barua moja, halafu kimya. Mkewe, Benta, kila asubuhi aliinua macho juu ya paa kabla hajamsalimia mtu. Shemeji yake Walter akisema, "Nyar Asumbi," yaani binti wa Asumbi, "tumlilie huyu mtu, yaishe," yeye humwonyesha kule juu kwa kidole. "Shemeji, huyo hapo."

Ndiyo maana akauza mtamba wake, akanunua redio. Alisikia kuwa Jumapili alasiri watu walio mbali hutuma salamu, na majina husomwa. Elkanah hawezi kukosa kutaja jina langu, alijiambia. Lakini redio Lambwe ilikoroma tu, mpaka akaitwa Maroa na mwanzi wake mrefu wa kuinulia waya wa shaba.

Maroa alipanda juu ya paa. Walter alishika ngazi huku akimtania.

"Omera, ndugu yangu, nyasi hizo ni za zamani. Ukitumbukia, utaangukia chungu cha mboga!"

"Nikiangukia ugali sitalalamika, mzee."

Benta alicheka jikoni pamoja na binti yake Roselyn. Siku nyingi alikuwa hajacheka hivyo. Kisha akasikia kitu kikidondoka uani, kitu chepesi, kisicho na kishindo hata cha kumshtua kuku.

Alitoka na unga mikononi. Osuri ilikuwa imelala vumbini. Juu, katika tundu lake, ulisimama mwanzi, na Maroa alikuwa akiufunga huku akipiga mluzi.

"Si mimi niliyemtuma," Walter akasema haraka. "Nyar Asumbi, naapa kwa kaburi la mama. Niligeuka tu kuchukua waya."

Maroa akatazama nyuso zao, akaelewa nusu. "Mama, nimekosa? Nirudishe?"

"Hairudishwi," Walter akasema. "Ikishatoka imetoka."

Benta aliinama, akaiokota. "Mwanangu, ulitumia nguvu gani kuing'oa?"

"Nguvu? Niliigusa tu, mama, ikaja. Imeoza."

Kweli. Sehemu iliyokuwa ndani ya nyasi ilikuwa vumbi tupu la mchwa. Miaka sita hakuna mkono uliothubutu kuikarabati, maana mwenyewe hakuwapo. Kutoka chini ilionekana imara kama mkuki. Benta aliigeuza polepole, akitafuta mahali pagumu, ikamegeka. Ilikuwa imesimama kwa kuegemea nyasi tu. Na yeye, kwa kuegemea hiyo.

"Maliza kufunga waya," akasema.

Redio ikazungumza, safi, kama mtu aliye mlangoni. Wakaisikiliza wamesimama uani: mtu wa Jinja akimsalimu mamaye, mtu wa Nakuru akiwasalimu wake zake wawili, kila mmoja kwa zamu yake, asije akaleta vita. Hakuna aliyecheka. Salamu zikaisha, ukaanza muziki.

Sasa wote wakamtazama Benta. Kilio cha kwanza ni cha mke. Hakuna awezaye kumtangulia. Roselyn alikwisha kuweka mikono kichwani. Benta akafungua kinywa. Akakifunga.

"Nikilia sasa," akasema, "moto utazimwa jikoni, na watu watajaa hapa. Ugali uko tayari, na huyu fundi hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Tule kwanza."

"Shemeji..."

"Tule, Walter. Mpaka nimlilie, bado yu hai."

Siku zote wanaume walikula kwao, wanawake jikoni. Siku ile Roselyn alitandika mkeka mmoja uani, akamnawisha mgeni, akamnawisha baba yake mdogo, na mama yake mwisho. Maroa alitaka kuaga, Benta akamvuta mkono. Wakaketi wote wanne kuzunguka ugali na mnavu. Benta akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba taratibu, taratibu sana, kama mtu asiye na haraka ya kushiba.