Mbwa wa Muinde

Mvua za vuli zilipita kijiji cha Rukanga bila kulowesha hata majani, na Muinde akafanya kama alivyozoea kila mahindi yalipomkaukia. Alimwita mbwa wake Tosha, akachukua rungu, akaelekea nyikani chini ya mlima Kasigau kutafuta sungura. Uwindaji umepigwa marufuku, hilo kila mtu analijua, lakini njaa ikibisha hodi hakuna anayeuliza kuna nini kwenye sufuria ya jirani.

Safari hiyo hakufika mbali. Aliteleza kwenye mawe, kifundo cha mguu kikavimba, akarudi nyumbani akichechemea.

"Baba Nzembi, niazime mbwa," jirani yake Danson alimwambia. "Nikipata kitu, tunagawana."

Muinde alikubali upesi. Danson alikuwa fundi wa baiskeli. Angejua nini kuhusu sungura? Lakini jioni Danson alirudi na sungura wawili, akampa Muinde yule aliyenona.

"Danson ana mkono wa bahati," alisema Mutheu, mke wa Muinde, akigeuza nyama jikoni. "Wewe na Tosha mlikuwa mnaniletea vumbi tu."

Alisema akicheka. Muinde naye alicheka, ila nyama ilipoiva alikula kidogo tu.

Kuanzia hapo alishinda kwenye kiti mguu umenyooshwa, akisikiliza mbwa wake akibweka huko porini na mtu mwingine. Nyama ililetwa, akaila, ikazidi kumchukiza. Kisha Tosha akaanza kulala kwa Danson. Mbwa aliyemlea mwenyewe kwa uji, tangu hajafumbua macho! Muinde alimwona kupitia ua wa minyaa akiwa amejilaza miguuni pa Danson, akikunwa masikio. Yeye hakuwahi kumkuna masikio. Mbwa ni wa kazi, ndivyo alivyoamini.

Mguu ulipopata nafuu, alimfunga Tosha kamba akaondoka naye. Danson alimkuta njiani.

"Twende wote, ndugu yangu?"

"Nyika ni kubwa," Muinde alimjibu. "Tafuta upande wako."

Walipofika kwenye korongo kavu lenye mchanga, alimfungua. Tosha alinusanusa bila hamu, akigeuka mara kwa mara kutazama walikotoka. Muinde alimfokea, akamtupia kokoto. Ghafla sungura akachomoka kichakani, na mbwa akamfuata kama mshale, akakata kona, akamnasa.

"Tosha! Lete! Lete hapa!" Muinde alipiga kelele kwa furaha, akakimbia kwa mguu wake mbovu.

Tosha alikuja mbio, sungura mdomoni, akampita. Alipanda ukingo wa korongo hadi kwa Danson, aliyekuwa akikusanya kuni upande ule, akamwekea sungura miguuni, akatikisa mkia.

Danson aliona haya. Alimwokota sungura, akateremka naye.

"Chukua, Baba Nzembi. Mbwa ni wako, nyama ni yako."

Hapo Muinde ndipo alipochomwa hasa. Afadhali angeibiwa kuliko kuhurumiwa.

"Mbwa gani?" alisema. "Kama mnapendana hivyo, kaa naye. Nimekupa."

Alitaka akataliwe. Alitaka Danson amfukuze Tosha kwa jiwe, aape hatamwita tena. Lakini uso wa Danson ulichanua, akashindwa kuficha furaha yake.

"Kweli? Asante sana, ndugu yangu! Mungu akubariki."

Muinde alimpokea sungura, kwa sababu watoto walikuwa na njaa, akarudi nyumbani peke yake.

"Tosha yuko wapi?" aliuliza Mutheu.

"Nimempa Danson."

Mutheu aliacha kuchochea moto, akamtazama kwa macho ambayo Muinde hakuwa ameyaona siku nyingi. "Umempa? Umefanya jambo la maana, mume wangu. Na mimi nilidhani unamwonea wivu."

Muinde aliinamia sungura, akaanza kumchuna.

Asubuhi alisikia mluzi wa Danson. Alisogea uani, akaita kwa sauti ya chini: "Tosha."

Mbwa alikuja kweli, akapenyeza pua kati ya minyaa, akamlamba mkono. Muinde alinyoosha vidole amkune masikio. Mluzi ukalia tena, na Tosha akatimua mbio kuelekea nyikani.

Muinde aliufuta mkono kwenye suruali, akaingia ndani.