Mke wa Nyangeta

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, serikali ilitoa fungu la fedha kwa wanawake wanaofanya kazi bila mume nyumbani. Pale Bunda kiwanda cha pamba kilikuwaga na wanawake arobaini hivi, kazi yao kutenga pamba safi na chafu, na wenye watoto wachanga waliwafunga mgongoni wakavuta vumbi pamoja. Fungu lingeweka chumba cha watoto, yaya na uji wa saa nne. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, na meneja akatangaza kabisa: chumba kikifunguliwa, mtoto asionekane tena kwenye pamba.

Ursula, Bibi Maendeleo kutoka Musoma, alikuja na daftari lake akamwita Dafroza peke yake amtajie wanaostahili. Dafroza alikuwa mjane wa mwaka wa tisa, hakosi misa, na neno lake kiwandani lilikuwa kama muhuri.

"Leo Mama Dafroza ndiye anachagua wa kwenda mbinguni!" akapiga kelele Boniphace, msimamizi.

"Wewe hata ukivaa gauni sikuandiki," Dafroza akamjibu, na wanawake wakacheka.

Majina kumi na moja yakapita. Ursula akanyoosha kalamu. "Na yule mwembamba, mwenye mtoto mgongoni?"

Yule alikuwa Wankyo, binti wa Butiama. Hakuwa na mwanamume. Alikuwa ameolewa na mwanamke, bibi Nyangeta wa Kabasa, ambaye hakujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe wake mwenyewe kwa desturi ya wazee ili Wankyo amzalie watoto wa nyumba yake. Sasa Nyangeta alikuwa kipofu, akiishi kwa mshahara wa Wankyo. Dafroza aliyajua yote hayo. Na kila Jumapili nje ya kanisa alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ile si ndoa, ni giza.

Wankyo alikuwa akimtazama. Hakuomba. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akangoja.

"Huyo ameolewa," Dafroza akasema.

"Mume anafanya kazi wapi?"

"Ng'ombe zilitolewa, dada yangu. Mambo yao hutayamaliza. Andika Helena."

Helena akaandikwa, ingawa mwanawe alishaanza kukimbia, na nyumbani alikuwepo bibi wa kumlea.

Chumba kilipofunguliwa, Boniphace alimzuia Wankyo getini. "Shemeji, mtoto haingii. Si mimi, ni amri." Wankyo akamwacha mtoto kwa Nyangeta siku tatu. Siku ya nne mtoto alitambaa hadi mafigani, na bibi asiyeona akafuata kilio, akachelewa kufika. Mkono wa kulia uliungua. Wankyo hakurudi kazini.

Dafroza alipopata habari alipanda basi la Musoma, rozari mkononi, wala hakumbuki walipitaje Kiabakari.

"Orodha ilishapanda mkoani, mama," Ursula akasema. "Fungu haliguswi mpaka mwaka ujao. Lakini si uliniambia ameolewa?"

"Nilikuambia. Kanisani nasema hajaolewa, kwako nikasema ameolewa. Kote kuwili nilimfungia mlango."

Ursula alifunga daftari polepole.

Kutoka basini Dafroza alikwenda moja kwa moja Kabasa. Aliwakuta wakifunga vitu.

"Nitaacha kazi, nimlee mtoto mimi," Dafroza akasema. "Wewe rudi kiwandani."

"Nafasi yangu alishapewa mwingine jana, mama," Wankyo akajibu bila hasira. "Tunakwenda kulima kwa kaka yangu."

Nyangeta aliyekuwa ameketi mlangoni aligeuza uso. "Ndiye yule aliyesema mke wangu ameolewa? Mshukuru. Miaka yote hii, ndiye mtu wa kanisani wa kwanza kukubali."

Dafroza alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, mama."

"Mwombe mwenye mkono," akasema Nyangeta.

Dafroza alimgeukia mtoto, akamnyooshea mikono. Mtoto aliuficha mkono wenye kitambaa ndani ya kanga ya mama yake, akalia mpaka Dafroza akasogea nyuma.

Walipotoka kwenda kutafuta gari la Butiama, Wankyo alimruhusu awabebee mkeka na sufuria. Dafroza alivibeba akitembea hatua kadhaa nyuma yao, ili mtoto asimwone.