Prosesa Tatu na Mtoto Mmoja

Ta! Kijiko kiligonga sahani gizani, alfajiri ya saa kumi na mbili, na prosesa tatu zikaamka.

Prosesa ya kwanza ilikuwa mama mkwe. "Nimezaa saba," alinung'unika akipapasa kandambili, "leo uzeeni nageuzwa mashine!"

"Imebaki leo tu, mama," mkaza mwana, prosesa ya pili, akabembeleza huku mumewe, ya tatu, akijinyoosha. "Nisipopeleka jibu jioni, narudia mwaka mzima."

Mwalimu wa darasa la jioni alikwishamrudishia kazi mara mbili, kwa wino mwekundu: Ushahidi uko wapi? Swali lilitaka kujua kompyuta yenye prosesa kadhaa, yaani bongo zake za kufanyia kazi, igawe vipi kazi zenye saa ya mwisho. Kompyuta kama hiyo hakuwa nayo. Familia alikuwa nayo.

Jana walijaribu njia ya kwanza: kila mtu na kazi yake, haiguswi na mwingine. Bibi chai, baba pasi, mama kumwogesha binti yao, Chiriku. Mambo yalikwenda, ila baba alimaliza mapema, akakaa anapiga miayo huku mkewe jasho linamtiririka.

Leo njia ya pili: kazi zote fungu moja. Aliye huru achukue yenye saa iliyo karibu zaidi. Ikitokea ya haraka kuliko hiyo, aiache papo hapo.

"Chai, saa kumi na mbili na nusu," mama alisoma. "Chiriku, saa moja, gari la shule likija."

Bibi alimvua Chiriku nguo. Maziwa yakafura, akamwacha. Baba akamfikisha bafuni. Pasi ikanuka, akatimka. Mama akashika sabuni. Bomba likakohoa, maji yanakatika, akarukia ndoo.

"Mtoto yuko na nani?" bibi aliuliza.

"Huyo ana muda bado!" baba akajibu, akitafuta kiatu chake cha pili chini ya kitanda.

Kazi zikazidi kumiminika, zote za haraka kuliko mtoto.

Saa moja kasoro dakika moja, prosesa tatu zilisimama sebuleni zikihema kwa fahari.

"Kidole kimoja hakivunji chawa!" bibi alishangilia. "Andika, mwanangu, tumeshinda."

Mama akafungua daftari, akaandika: Njia ya pili ni bora, kwa sababu...

Nje, honi ikalia. Mlango wa bafuni ukafunguka.

"Mama, mimi bado sijaoga."