Kiti cha Mtu Mmoja

Rangi ya tangi ilikuwa imebakiza mkono mmoja tu. Apolinari alikuwa amepiga magoti juu ya maboksi yaliyotandazwa, analisugua tangi kwa msasa laini uliolowa maji, taratibu, kama anayemwogesha mtoto, aliposikia hodi kwenye mabati ya uzio. Hakuinuka. Fundi aliyefikia mkono wa mwisho wa rangi hainuki kwa kila hodi. Ilipobishwa mara ya pili ndipo alipochungulia kwenye upenyo, akamwona Kondo amesimama nje kwenye matope ya Tandika, suruali ameikunja hadi magotini.

Kondo alikuwa mdogo wake Mwanakombo, mjane wa marehemu Mzee Anwar. Na pikipiki aliyokuwa akiipaka rangi Apolinari ilikuwa ya marehemu Mzee Anwar. Alivuta turubai akaifunika yote, akahakikisha hata gurudumu halionekani, kisha akatoka na kuurudishia mlango wa bati nyuma yake.

Kondo hakuwa na maneno mengi. Aliamkia, akauliza hali ya nyumbani, akasema ametumwa na dada yake. Ijumaa anatoka eda. Safari yake ya kwanza akishatoka ni kwenda kwao Mbweni kumwona mama yake, ambaye miguu haikumruhusu kuja msibani, na anataka aende kwa pikipiki ya mumewe. Kondo ataendesha, yeye atakaa nyuma kama alivyozoea. Fundi aiweke tayari.

"Ijumaa hii?" Apolinari aliuliza. "Mie nilijua alishatoka eda zamani. Arobaini si ilikuwa mwezi wa pili?"

Kondo alitabasamu, kwa upole wa mtu anayemfahamisha jirani. "Arobaini ile ni hitma tu, fundi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Dada hajavuka kizingiti tangu tulipomzika shemeji."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kondo alipoondoka, Apolinari alirudi ndani akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza, turubai likiwa mbele yake. Miaka ishirini na minne alikuwa ameishi na watu wa Pwani. Alikula futari zao, alizika maiti wao, aliitwa shemeji na wake zao. Na kwa miaka yote hiyo alijua, bila ya kuwahi kumuuliza mtu, kwamba eda huisha siku ya arobaini. Tena si kwamba hakupata nafasi ya kuuliza. Siku ya hitma alikaa mkekani, akala pilau, kulia kwake shehe na kushoto kwake Kondo huyuhuyu.

Pikipiki yenyewe ilikuwa BSA ya mwaka hamsini na saba. Anwar, karani wa bandarini, aliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga virago kwenye shamba la mkonge, na Apolinari alipoingia mjini kutoka Bukoba na boksi moja la spana, mtu wa kwanza kumkabidhi kazi alikuwa yeye. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioigusa. Mwaka wa sabini na nne, wakipita Mwenge, baibui la Mwanakombo lilinaswa na mnyororo, wakaanguka wote wawili, mwanamke akavunjika mkono. Apolinari hakulala vizuri wiki nzima. Alichonga kava la kuufunika mnyororo wote, akapanua kiti cha nyuma ili mwanamke akae upande kwa raha, akachomelea na kibao cha kukanyagia upande wa kushoto, chenye ukingo ili kiatu kisiteleze. Watu wa Temeke walikizoea kile kibao. Walimwona Anwar anapita na mkewe nyuma, miguu imepangwa kwenye kibao, mkono mmoja kiunoni kwa mume, na hata waliogombana asubuhi nyumbani mwao walisimama kidogo kutazama.

Mwezi wa kwanza Anwar aliileta ibadilishwe ringi za pistoni. Hakuifuata. Presha ilimwangusha bafuni.

Basi ikakaa. Na hapo ndipo alipoingia Godlisten, kijana wa mfanyabiashara mmoja wa magari, aliyekuwa ametoka kusoma Uingereza miaka miwili na kurudi na jaketi la ngozi lisilovalika Dar es Salaam. Enzi zilikuwa za ruksa, kila siku kitu kipya kinateremka melini, na Godlisten alikuja na gazeti la picha za pikipiki za kizamani zilizopunguzwa zikabaki mifupa na roho. Usukani umeshushwa chini, dereva analala juu ya tangi. Madigadi hakuna, keria hakuna. Kiti kifupi cha mtu mmoja, nyuma yake nundu. Alisema zinaitwa kafe resa, kwamba vijana wa zamani wa kule walishindana nazo kutoka mgahawa hadi mgahawa. Apolinari alicheka sana. Mtu akimbie hivyo kwenda kunywa chai?

Lakini alipobaki peke yake alilifungua lile gazeti tena.

Hapa tusimwonee. Mtu aliyetumia maisha yake kuziba pancha, kukata vipande vya mpira wa tairi kutengenezea bushi, kufanya cha zamani kisogee siku moja zaidi, akionyeshwa kitu kizuri na kuambiwa mikono yako inakiweza, hulewa. Apolinari alilewa. Godlisten aliiona BSA imeegemea ukutani, akasema hii hii, na familia atawaridhisha. Apolinari akahesabu: arobaini imepita, wiki mbili juu yake, na hakuna aliyekuja. Kwao Bukoba, alivyoona yeye, matanga yakishaanuliwa ukoo hukaa kugawana vitu siku hiyo hiyo, na kisichoulizwa siku hiyo ndicho kisichotakiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, msemo huo aliujua vizuri, na siku hiyo haukumjia. Ukweli ni kwamba hakuuliza kwa kuwa aliogopa kujibiwa. Alichukua msumeno wa chuma akakata mkia wa fremu.

Jioni ya Jumanne alimweleza mkewe. Kokushubila alikuwa anamenya ndizi uani, na hakuacha kumenya.

"Nitume mie kesho," alisema alipomaliza kusikiliza. "Wewe mwanamume huwezi kuingia kwa mtu wa eda, mie naweza. Nitamweleza. Ajue kesho, alie kesho. Ijumaa asije na furaha yake hapa."

"Hapana, Mama Projestus. Nitairudisha ilivyokuwa. Hatajua hata kidogo."

"Baba Projestus."

"Nimesema nitairudisha."

Mkewe alimtazama, akanyanyua sufuria, akaingia jikoni. Apolinari angekumbuka baadaye, kwa uchungu kuliko kitu kingine chochote katika mambo haya, kwamba nyumba ya Mwanakombo ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu na kwamba mkewe alikuwa tayari ameshauliza khanga yake nzuri iko wapi.

Jumatano asubuhi alikwenda Keko kwa Fransis, mshona makochi aliyemtengenezea kiti kifupi. Kile kiti cha zamani alikuwa amemwachia palepale. Fransis alikuna kichwa. Springi zake zilikuwa nzuri mno kutupwa, zimo sasa ndani ya kochi ambalo limekwisha kwenda na mwenyewe Mbagala. Lakini kwa heshima ya Apolinari aliacha kazi za watu, akapima, akakata mbao na godoro, na hadi alasiri kiti kipya kirefu kilikuwa kimevaa ngozi ya plastiki nyekundu. Hakikufanana na cha kwanza. Apolinari alijiambia kwamba mtu aliyekaa ndani miezi minne hatakumbuka rangi ya kiti.

Alhamisi alichomelea. Vipande vya mkia wa fremu alikuwa navyo, na kibao kilikuwepo bado, kimening'inia kwenye msumari. Alivirudisha kimoja kimoja, akasugua, akapaka rangi kwenye makovu. Godlisten alifika katikati ya kazi, akakuta mashine yake inaoteshwa mkia, akapandisha sauti. Apolinari alimwambia bila ya kuinua kichwa kwamba ina mwenyewe, na mwenyewe anakuja kesho. Kijana aliondoka na gazeti lake, na kwa kweli Apolinari hakumkumbuka tena.

Ilipofika saa kumi alifanya kile ambacho fundi wa kweli hafanyi ajizi kukifanya. Alijaza gunia mchanga, uzito wa mwanamke mtu mzima, akalifunga kwenye kiti cha nyuma, akaipanda pikipiki na kuizungusha kwenye uwanja wa mashimo ulio nyuma ya soko. Mzunguko wa kwanza ilishika. Wa pili aliusikia mlio mwembamba mgongoni mwake. Aliposhuka, ungio la kushoto, upande wa kibao, lilikuwa limefunguka kwa upana wa ukucha. Chuma kile kilikuwa cha miaka thelathini na tano, kilikatwa, kikachomwa, kikachomwa tena, na sasa kilikuwa kimechoka. Alichomelea upya, akaweka na kiraka. Liliachia pembeni ya kiraka.

Alikaa chini kwenye majani ya uwanja ule na gunia lake. Kutoka Temeke hadi Mbweni ni safari, na barabara ya mwisho ni mawe matupu. Angeweza kuficha ufa ule kwa rangi, ikaonekana nzima na kupendeza machoni, na Mwanakombo akakaa juu yake akimwamini, kama alivyomwamini baada ya Mwenge. Hilo hapana. Akaisukuma mpaka nyumbani, akakata mkia kwa mara ya pili, akarudisha kiti cha mtu mmoja.

Kokushubila alisimama mlangoni akitazama msumeno. Hakusema "nilikwambia". Alisema jua bado lipo, aende sasa hivi? Apolinari alitikisa kichwa. Alisema amelikoroga mwenyewe na atalinywa mwenyewe, akidhani huo ni uungwana.

Ijumaa, baada ya swala, walikuja. Mwanakombo alivaa baibui jipya, na kabla hajafika uzioni harufu ya udi ilikuwa imeshatangulia. Miezi minne na siku kumi hakugusa manukato, leo amejifukiza. Mkononi alikuwa na kikapu cha vitumbua vya kumpelekea mama yake, na kamba ya kukifungia kwenye keria. Alikuwa amekonda, uso umepauka kwa kukosa jua, lakini anacheka.

"Hujambo shemeji. Mnisamehe, nimewasumbua."

Apolinari alijibu salamu. Akashika pembe ya turubai akalivuta.

Lazima isemwe kwamba ilikuwa nzuri. Nyeusi tii, mstari wa dhahabu ubavuni mwa tangi, bomba la moshi limesuguliwa likang'aa, imeinama mbele kama inayotaka kuondoka bila ya mtu. Mikono yake haikuwahi kufanya kitu kizuri kuliko hicho, wala haitafanya.

"Fundi, hii ndiyo nini?" Kondo aliuliza, na dada yake akamwashiria anyamaze.

Mwanakombo aliizunguka mara moja. Aligusa tangi kwa ncha za vidole. Akapita upande wa kushoto, mahali alipokuwa akipandia miaka yote, na mkono wake mmoja, kwa mazoea tu, ukakusanya baibui likapanda juu ya kifundo cha mguu. Akasimama hivyo, baibui mkononi.

"Na mie nikae wapi, shemeji?"

Apolinari alieleza. Alisema arobaini, alisema picha, alisema hakuna aliyekuja akadhani hawaitaki, alisema gunia la mchanga na ungio lililofunguka. Yote yalikuwa kweli, na kadiri alivyoyasema yalizidi kusikika kama ya mtu mwongo.

"Ungeuliza," Mwanakombo alisema. Sauti yake haikupanda. "Aliyekufa ni Anwar. Mie nilikuwa ndani tu."

Machozi yalimtoka Apolinari, mtu mzima, mbele ya Kondo na mbele ya mkewe aliyekuwa amesimama kibarazani na khanga mdomoni. Aliomba apewe mwezi mmoja. Atatafuta fremu nyingine, atakata hii upya, ataunga.

"Usiikate tena," alisema Mwanakombo. "Imetosha ilivyokatwa." Kisha akamwambia mdogo wake waichukue waende nayo nyumbani, Mbweni watafika siku nyingine kwa namna nyingine.

Kondo aliushika usukani ule mfupi, akakitazama kiti, akamtazama dada yake. Hakupanda. Alipiga stendi teke ikapanda, akaanza kuisukuma kwa mkono kuelekea barabarani, na Mwanakombo akaandamana nayo ubavuni, kikapu amekipakata kwa kuwa hapakuwa na pa kukifunga.

Mbele ya kibanda cha mkaa barabara ilikuwa imeoza kwa mvua. Gurudumu la nyuma likazama, Kondo akavuta, likazama zaidi. Mwanakombo akaweka kikapu chini juu ya jiwe. Akapita nyuma ya pikipiki, akaweka viganja viwili juu ya ile nundu nyeusi, akainamisha kichwa, akasukuma.