Namba ya Kileleni

Marubani wanne walikuwa wakizunguka kwenye lami kama wendawazimu, macho wameyafumba, mikono imeshika usukani usiokuwepo. Ndivyo walivyofanya kila asubuhi ya maonyesho: kiongozi anaimba mchezo mzima, wenzake wanaufuata kwa miguu. Ucheke usicheke, ndiyo dawa yao.

"Tunapanda... tunapanda... kileleni, futi elfu tano," aliimba Meja Sudibyo.

Rangga, rubani namba nne, akafumbua macho. Elfu tano ni ya nyumbani, Yogya! Hapa Malang ni milimani, uwanja wenyewe uko juu, na kwa kuwa kipimo huhesabu kutoka usawa wa bahari, namba ya kileleni lazima iongezwe. Ukianza kushuka kwenye elfu tano, ardhi inakupokea kabla hujamaliza duara.

Alifungua kinywa, akakifunga. Jana tu mazoezini alichomoka kwenye kundi akidhani wako chini mno, kumbe wapi! Walimcheka mpaka basi.

"Kuku wetu," Danang, namba mbili, alimchokoza. "Leo usituachie manyoya, kaka."

"Akitoroka tena, namrudisha kwenye ndege za mizigo," alisema Sudibyo, na hakuwa anatania.

Halafu Sudibyo ndiye aliyemfundisha kurusha ndege. Na kwa adabu za Kijava, nani anamsahihisha mwalimu wake mbele za watu? Labda kateleza ulimi tu, Rangga alijifariji. Angani ataweka sawa. Mtu mzima na akili zake, anajidanganya!

Mchana uwanja ulifurika watu. Wanne wakapaa bawa kwa bawa, Rangga nyuma kabisa, chini ya tumbo la ndege ya kiongozi. Huko sheria ni moja: macho kwa kiongozi tu. Akienda mlimani, mnakwenda naye.

Pua zikaelekea juu, mbingu ikawa chini na ardhi ikawa juu. Rangga akafanya lisilofanywa, akakiibia jicho kipimo cha kimo. Elfu tano. Na Sudibyo, masikini, alikuwa tayari anavuta pua kuanza kushuka.

Akinyamaza, wanakufa wote, na Mungu ajue watawaangukia nani. Akisema kisha awe amekosea tena, urubani wa maonyesho basi.

"Acha! Geuza!" akapayuka redioni. "Mwalimu, tuko chini! Geuza!"

Kisha ndege ya Sudibyo ikajipindua, ikanyooka, na wote wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Chini watu walishangilia, wakidhani ndiyo mchezo wenyewe.

Baada ya kutua walijifungia kwenye chumba cha mikutano. Humo vyeo huachwa mlangoni, na kila mtu hutaja kosa lake kwa mdomo wake.

"Nilitumia namba ya nyumbani," alisema Sudibyo. "Nusura niwaue. Siongozi tena."

Danang alimkumbatia Rangga, analia waziwazi. "Kuku wangu wewe! Mke wangu na binti yangu Sekar walikuwa pale pale chini. Umeniokolea nyumba, kaka."

"Rangga, zamu yako," Sudibyo alisema. "Ingawa wewe leo huna kosa."

Angeweza kuitikia tu, yakaisha.

"Niliisikia ile namba asubuhi," alisema. "Ulipoiimba. Nikanyamaza."

Mikono ya Danang ikamwachia. Akafuta machozi yake, kisha akavuta kiti akakaa upande wa pili wa meza, mbali naye.