Ubao Ulioelea

Saa tatu asubuhi Luhaga alikuwa ananoa msumeno kwenye karakana yake, Bariadi mjini, Mabula alipoingia akichuruzika maji. Mabula alikufa mwezi Machi, daraja la kijijini kwao lilipokatika naye akiwa katikati na ng'ombe wawili. Kwapani alibana kipande cha ubao.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Luhaga alimsogezea kigoda, akasukuma maranda kando yasilowe.

"Wewe ndiye uliyepigilia mbao zile. Huu ni mti gani?"

Luhaga hakuhitaji hata kuunusa. "Mkaratusi."

"Tuliambiwa ipe."

Waliambiwa hivyo kweli, mkutanoni, kwamba daraja ni la ipe, mti wa Amerika Kusini. Luhaga aliwahi kuushika mara moja tu, sampuli aliyopewa aikate mbele ya wakaguzi. Ilimlia meno ya msumeno. Unga wake ulikuwa wa njano kama bizari, na misumari ilipinda mpaka alipotoboa kwanza kwa keekee. Aliambiwa huko unakotoka hujengea magati, maana mchwa hawauwezi na maji hayauozeshi. Kisha zikaja mbao za daraja lenyewe, msumeno ukapita kama kwenye papai. Clement, msimamizi wa mkandarasi, akamkabidhi ndoo ya rangi ya kahawia. Luhaga alipaka, wala hakuuliza.

Walikwenda pamoja ofisini kwa Clement. Karani aliweka beseni chini ya kiti cha Mabula. Clement aliagiza ndoo ya maji, akatumbukiza ile sampuli iliyokaa mezani kwake. Ikazama kama jiwe. Akatumbukiza ubao wa Mabula. Ukaelea.

"Umeona mwenyewe, mzee," alisema Clement. "Sampuli haina kasoro."

"Na mimi?"

"Wewe ripoti inasema ulizidisha uzito. Ng'ombe wawili kwa mpigo!" Akamgeukia Luhaga. "Fundi, mbao za kuzibia zimefika. Jumatatu uwe mtoni."

Jumatatu Luhaga alikuwa mtoni. Mbao zilikuwa nyepesi, lakini ndefu, hivyo Mabula akamshikia upande wa pili. Mara kadhaa Luhaga alitaka kumwomba radhi, ila midomo ilikuwa imebana misumari.

Adhuhuri alifika Felisita, mjane wa Mabula, mtoto mgongoni, anampeleka kliniki. Njia nyingine haikuwepo. Alimsalimia mumewe, akamuuliza kama bado anasikia baridi. Mabula akasema ameshaizoea. Kisha Felisita akamtazama fundi.

"Hii sasa ndiyo ile ipe yenyewe?"

Luhaga alitema misumari kiganjani. "Ndiyo, mayu. Pita tu."

Felisita alivua ndala, akazishika mkononi, akakanyaga ubao wa kwanza. Mabula alikuwa ameshashuka mtoni, amesimama chini ya daraja, mikono ameinyoosha juu.