Nadhiri ya Miguu ya Mangal

Wifi yangu Mangal ana ulimi mkali na mguu mmoja mwembamba, na nilipoolewa katika nyumba ile niliogopa vyote viwili. Ulimi niliuzoea upesi, kwa sababu na mimi ninao wangu. Mguu ulinichukua muda, maana haukuwa mguu wa kuonewa huruma. Kila mwaka mvua zikianza, Mangal alijifunga sari yake sawasawa, akajitwika chungu cha mrihani kichwani, akatembea na kundi la kijiji chetu kutoka Alandi mpaka Pandharpur, kwenye hekalu la mungu wetu Vithoba. Ni safari ya karibu wiki tatu. Alichechemea njia nzima na kuimba kuwashinda wenye miguu mizima. Kundi lina lori lake la kubebea mahema, masufuria na magunia ya vitunguu, na vikongwe na waliovimba nyayo hupandishwa humo pia. Mangal hakulipanda hata siku moja.

"Lori ni la vitunguu," alikuwa akisema. "Mimi si kitunguu."

Kiburi hicho alikirithi kwa mama yake, Yamunabai, mama mkwe wangu. Polio ilimpata Mangal akiwa bado ananyonya. Homa ya siku chache tu, ikaondoka na mguu wa kulia wote na nguvu nyingi ya ule wa kushoto. Watu wakamwambia Mama amzoeze mtoto kutambaa, basi. Mama akaweka nadhiri: Vithoba, huyu akisimama, kila mwaka atakuja kwako kwa miguu yake mwenyewe. Kisha, kwa kuwa Mama si mtu wa kumwachia Mungu kazi yote, akasimika mianzi miwili uani, akamsimamisha mtoto katikati, akamkanda kwa mafuta ya ufuta ya moto asubuhi na jioni, na akakataa kumbeba hata alipolia mpaka sauti ikamkauka. Majirani walimwita katili. Mtoto akasimama. Mguu wa kushoto ukarudi karibu wote, na wa kulia ukarudi kiasi cha kukanyagia. Kisa hiki kijiji kizima kinakijua, kwa sababu Mama humsimulia hata mchuuzi wa vyombo aliyekuja kuuza sufuria.

Kwa hiyo Mangal alipoanza kudhoofika, akiwa ameshapita miaka hamsini, hakuna aliyetaka kuona. Mwanzo ulikuwa uchovu. Alikuwa akishona blauzi za wanawake wa kijijini, na ghafla nikawa namkuta mchana amelaza kichwa juu ya cherehani, sindano ingali kwenye kitambaa. Baadaye akaanza kuanguka, na cha ajabu, mguu uliokuwa ukimwangusha haukuwa ule mwembamba. Ulikuwa ule mzima, ule wa kushoto. Misuli ya paja ilimchezacheza chini ya ngozi. Daktari wa sokoni akasema ni umri, akampa vitamini. Mwingine akapima sukari, akakuta haipo, akauliza kama ana mawazo. Jirani yetu mmoja akaanza kunong'ona kwamba polio imerudi, akawakataza wajukuu wake kuja kucheza uani kwetu. Huyo nilimfuata hadi mlangoni kwake nikamwambia yake, na sijutii.

Mama yeye hakuwa na shaka hata kidogo.

"Umebweteka, mwanangu," alimwambia. "Mwaka mzima umekaa kwenye cherehani kama bibi harusi. Kesho alfajiri panda kilima cha Khandoba. Safari imekaribia."

Mangal akapanda. Mtu mzima, mwenye mvi, akipanda kilima kwa amri ya mama yake kama mtoto wa shule. Alirudi uso umepauka, akashindwa hata kukanda unga wa mkate wa mtama. Mama alipoona hivyo, akaongeza na zamu ya jioni.

"Mama, utaniulia wifi yangu," nilisema. "Nitabaki nagombana na nani humu ndani?"

"Wewe nyamaza. Alipokuwa hasimami ulikuwepo?"

Kweli, sikuwepo.

Asubuhi moja jua lilipanda na Mangal hajarudi. Nikamfuata. Nilimkuta ameketi kwenye jiwe katikati ya njia, sari imejaa vumbi upande mmoja.

"Umeanguka?"

"Nani kaanguka? Nimekaa natazama mashamba ya watu."

"Na hilo vumbi?"

"Limenipenda."

Nikakaa kando yake. Goti lake la kushoto lilikuwa linatetemeka peke yake, naye amelishika kwa mikono miwili lakini halitulii. Kisha Mangal, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipofariki baba mkwe, akalia.

"Sindhu, nafanya yote aliyonifundisha. Yote. Nikizidisha, mguu nao unazidi kwenda. Nifanye nini tena zaidi ya hapo?"

Nilichoweza ni kumpeleka mjini Pune kwa daktari wa neva. Mama akasema hatuendi popote bila yeye, akapanda basi na chupa yake ya mafuta ya ufuta, amfundishe daktari kazi.

Daktari Kanitkar alikuwa mama wa makamo, mpole lakini hababaishwi. Alimgonga Mangal magoti kwa kinyundo, akamchoma sindano nyembamba kwenye misuli na kusikiliza mlio wake mashinini, akaagiza damu na picha za mgongo kuhakikisha si ugonjwa mwingine. Tuliporudi mara ya pili alivuta kiti akakaa nasi upande wetu wa meza.

"Hali hii ina jina," alisema. "Ni madhara ya baadaye ya polio. Virusi havijarudi, na hutamwambukiza mtu yeyote. Na si uvivu, Mangal, wala si mawazo. Tatizo liko kwenye neva."

"Lakini unaomwangusha ni mguu," Mama akasema.

"Mguu unapokea amri tu, mama. Amri zinatoka kwenye neva za uti wa mgongo, na kila neva ina misuli yake inayoiendesha. Polio iliua nyingi. Misuli yake ikabaki yatima. Zile neva zilizosalia zikaota matawi mapya, zikawachukua wale yatima zikawalea pamoja na wa kwao. Ndiyo sababu aliweza kusimama. Ila neva moja imefanya kazi ya neva tano kwa miaka hamsini. Sasa zimechoka, na zimeanza kuwaachia."

"Na huu wa kushoto? Huu ulikuwa mzima," Mangal akasema.

"Haukuwahi kuwa mzima. Ulikuwa unajitahidi zaidi tu."

Mangal akautazama mguu wake wa kushoto kana kwamba ndiyo kwanza wametambulishwa. Mama alikuwa ameishikilia ile chupa ya mafuta mapajani.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mimi na mianzi yangu. Mimi ndiye niliyezichosha."

"Hapana, mama. Bila mianzi yako asingetembea. Ulifanya lililotakiwa wakati ule. Sasa hivi linalotakiwa ni jingine: apumzike kabla hajachoka, si baada ya kuchoka. Mazoezi mepesi, fimbo, kifaa cha kushikilia goti. Dawa ya kurudisha kilichokwenda sina. Kilichobaki tunaweza kukitunza."

"Na Pandharpur?" Mangal akauliza.

"Kwa miguu? Ukitembea njia yote ile, siwezi kukuahidi kwamba utarudi unatembea."

Mama hakusema neno ndani ya basi, wala siku zilizofuata. Nilidhani ugomvi sasa utakuwa na yeye. Kumbe aliyekuwa mgumu ni Mangal.

"Nitakwenda kwa miguu," aliniambia, huku akilipima goti lake kwa utepe wa cherehani ili akate kitambaa cha kulifungia. "Alinisimamisha kwa nadhiri. Leo yeye ni mzee, ana maisha gani mengine ya kujivunia? Nimvunjie nadhiri akiwa anaona?"

"Umemsikia daktari au ulikuwa unasinzia?"

"Nimemsikia. Wewe mama yangu humjui."

Nikaenda kwa Mama, nikamsihi aseme neno moja tu, moja, maana asingesikilizwa mtu mwingine. Akanigeuzia mgongo akaendelea kuchambua dengu. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Nilimwona anampeleka mtoto wake kuangamia kwa sababu ya sifa.

Siku ya kuondoka, Mama, ambaye magoti yalishamzuia kwenda miaka mingi, alisema atakuja Alandi kutuaga. Uwanja ulijaa watu, ngoma na matoazi. Mangal alikuwa amesimama mstarini, goti limefungwa, chungu cha mrihani kichwani, uso umekaza. Nilikuwa nyuma yake nikihesabu ni wapi ataanguka kwanza.

Mara nikasikia mume wangu Dattu anapiga kelele huko kwenye lori. "Mama! Unafanya nini? Shuka!"

Mama alikuwa ameshika ubao wa nyuma wa lori, mguu mmoja juu, sari imepanda magotini, mpishi wa kundi anamsukuma kutoka chini. Akaingia kwa kishindo, akakaa juu ya gunia la vitunguu. Kisha akaita kwa sauti ile iliyokuwa ikimwamsha Mangal alfajiri.

"Mangal! Njoo hapa."

Mangal akaenda, sote tukamfuata. "Mama, mimi natembea. Nadhiri..."

"Nadhiri niliiweka mimi. Wewe ulikuwa hata kusema hujui. Vithoba akitaka kudai, anajua nilipokaa. Dattu, mpandishe dada yako."

Tukampandisha. Akakaa kwenye mahema, mikono haijui iwekwe wapi, akiinamisha macho ili wenzake wa mstarini wasiyaone. Kwetu, kabla ya safari, mahujaji hugusana miguu kwa heshima, mkubwa kwa mdogo bila kubagua, na wanawake wa kundi wakaanza kuja kwenye lori mmoja mmoja kumgusa yeye. Mangal akaikunja miguu yake chini ya sari.

"Msiniguse. Mwaka huu sitembei."

Mama akainama kutoka kwenye gunia lake. Akaitoa miguu ile chini ya sari, kwanza ule wa kushoto, kisha ule mwembamba, akaipakata, akaigusa kwa paji la uso wake. Alikaa hivyo mpaka dereva akawasha injini.

"Umetembea sana, mama," alimwambia binti yake. "Pumzika."